Sajini Aliyembeba Babu

Nilipokuwa Riyadh, nikitengeneza viyoyozi vya maduka na mikahawa ya mtaa wa Sulimaniya, mama hakunisumbua. Makka ilikuwa mbali na likizo zangu zilikuwa chache. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alipofungua tawi Jeddah na kunihamishia huku, mama alipiga simu siku ileile.

"Sasa huna udhuru, mwanangu," alisema. "Kamtaje yule Myahudi."

Kwetu Tabora, anayekwenda Makka hutumwa majina ya watu wa kuombewa. Mama hakuwa na jina la kunipa, alikuwa na wasia tu. Babu, baba yake mzazi, aliuacha akiwa kitandani: yeyote katika uzao wake atakayefika Makka amtaje sajini wake wa Vita vya Pili, yule Myahudi. Wajomba zangu wamekufa bila kufika. Mama ni mgonjwa wa moyo, hasafiri tena, na anaogopa kufa wasia ukiwa bado shingoni mwake. Nimebaki mimi.

Babu alisimulia hivi. Sajini alikuwa kijana mwembamba aliyefika Mombasa kwa meli pamoja na mama yake, wakikimbia Ujerumani. Baba yake alibaki huko. Waingereza wa Kenya walimweka kizuizini kwanza, maana pasipoti yake ilikuwa ya Kijerumani na adui alikuwa Mjerumani. Baadaye walimwachia, akafanya kazi kwenye shamba la mtu, halafu wakampokea jeshini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha masetla wa Kizungu, cha kuamrisha tu, na askari walimcheka. Babu akamfundisha kusalimia, kutoa pole na kushukuru.

Huko Burma, wakivuka mto, babu alipigwa risasi ya paja. Kikosi kiliamriwa kurudi nyuma. Sajini hakurudi. Aliingia majini huku risasi zikipigwa, akambeba babu mgongoni mpaka ukingoni, kisha akaingia tena kumchukua askari mwingine. Kwa hilo alipewa nishani ya ushujaa. Siku aliyovishwa alikwenda hospitali ya jeshi, akaivua na kuiweka juu ya shuka la babu. Ikakaa pale mpaka sista alipomfukuza.

Babu alimwuliza kwa nini aliingia mtoni. Sajini alijibu kwamba walipokuja kumchukua baba yake, majirani walifunga madirisha. Babu alitusimulia jibu hilo mara nyingi bila kulielewa. "Huko kwao kuna baridi sana," alikuwa akitufafanulia.

Mimi nililielewa Riyadh. Nimeishia darasa la saba. Mengine nimejisomea, na kwa muda mrefu nilisoma juu ya vita hivyo kila nilipotoka kazini. Nilisoma yaliyowapata Wayahudi wa Ujerumani, na jinsi majirani zao walivyotazama pembeni. Sajini mwenyewe sikumpata. Bila jina wala namba ya kikosi hakuna pa kuanzia. Kilichobaki ni maneno ya babu, na kovu la paja ambalo nililiona mwenyewe.

Jeddah ninakaa mtaa wa Hindawiya na Wakenya na Wazanzibari. Ijumaa moja, tukila pamoja mchana, niliwaambia ninakwenda umra na nina mtu wa kumtaja. Dereva mmoja wa Mombasa aliacha kutafuna.

"Myahudi? Makka? Wee bwana, kwa haya tunayoyaona kwenye TV kila siku? Utatuletea balaa nyumba nzima!"

"Huyu hayumo kwenye TV yako," nilisema. "Alikuwa mkimbizi wa vita, na alimtoa babu yangu mtoni."

"Angemwacha azame."

Mpishi wa Kizanzibari alicheka. "Yakhe, angezama babu yake, leo hii tungekuwa hatuna fundi. Tungeokwa humu ndani kama mikate."

Dereva alitazama kiyoyozi nilichokitengeneza wiki ile, akarudi kwenye wali wake. Hata hivyo swali lake halikuwa la kipuuzi. Nisingekiuka dini ili kumridhisha mama, na nisingemdanganya mama kwamba nimefanya nisilofanya. Kwa hiyo nilimwendea mzee wa Kisudani anayesomesha msikitini kwetu baada ya Alasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumwombea msamaha mtu aliyekufa nje ya Uislamu, hilo hatuna," alisema. "Lakini kumshukuru Mungu kwa mtu aliyemleta pale mtoni, nani atakukataza? Na kama ameacha watoto walio hai, waombee heri."

Nilivaa ihramu nyumbani. Dereva ndiye aliyenipeleka, kwa hiari yake. Nilipokuwa nashuka alishusha kioo.

"Ukishamaliza na huyo mtu wako, unitaje na mimi. Mgongo umeniua."

Nilimaliza tawafu, nikaswali rakaa mbili na kubaki nimekaa. Nilianza na mama, kisha babu na wajomba. Halafu nilisema kwamba kulikuwa na kijana aliyefukuzwa kwao, aliyembeba babu yangu kutoka majini, na kwamba nashukuru kwa kuletwa kwake. Nikawaombea heri watoto wake, kama wapo. Mwisho nikautaja mgongo wa dereva.

Mama alipokea simu kabla haijaita vizuri.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja."

"Umemwombea?"

"Kumwombea msamaha hairuhusiwi, mama. Nimeshukuru kwa ajili yake, na nimewaombea watoto wake."

Nilisikia kuku wa uani kwake.

"Umesema kimoyomoyo au kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Kwa Kiarabu?"

"Kwa Kiswahili."

"Vizuri," alisema. "Ndicho walichokuwa wakizungumza." Kisha akasema kwamba Ijumaa, mwili ukimruhusu, atakwenda makaburini kumwambia baba yake.