Dawa Iliyokuwa Kabatini

Dada yangu mkubwa aliacha kuoga kwanza, kisha akaacha kula, mwisho akaacha kusema. Yeye alikuwa Usambara, katika kijiji cha juu kabisa, ambako mvua ikinyesha sana gari halifiki. Mimi nilikuwa Brussels, mtaa wa Evere, nilikomfuata mume wangu aliyepata kazi huko. Jioni moja shemeji, mume wake, alinipigia kwa video na kuelekeza simu kitandani. Nilichoona ni blanketi na kisogo.

"Dada, ni mimi."

Shemeji akasogeza simu karibu na sikio lake.

"Amekusikia," shemeji alinijibia. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole. Sikumwamini, na nadhani hata yeye hakujiamini.

Walikwishampeleka mjini, wakaambiwa ni sonona. Akapewa vidonge, vikabadilishwa, akameza miezi mingi bila nafuu. Wanawake wa kanisani walikuja kumwombea. Mmoja wao alisema ni uvivu tu, tena akiwa palepale kando ya kitanda.

Siku moja jirani yangu wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima wa kutoka Lubumbashi, alinikuta nalia kwenye lifti. Akaniingiza kwake, akanikalisha. Nilipomweleza, akafunga mlango wa jikoni ili watoto wasisikie.

"Mimi pia nilikuwa vile, mutoto yangu. Ku hôpital ya hapa balinipatia kétamine. Ni ile dawa ya kulalisha muntu ku opération, mais banatia kidogo, polepole. Bon, haikumaliza yote. Lakini nilianza kusikia njala tena."

Usiku huo nikampigia shemeji nikamweleza, na kesho yake akaenda kuiulizia hospitali ndogo ya palepale mlimani. Dawa ilikuwepo. Siku zote ilikuwepo, kabatini, kwa ajili ya wajawazito wanaojifungua kwa upasuaji. Daktari wa pale, ambaye alikuwa peke yake, alikubali kuzungumza nami kwa simu.

"Dada yangu, nisikudanganye. Kumlaza mtu kwa dawa hii naweza. Kutibia sonona sijafundishwa. Akizidiwa mikononi mwangu, nitawaambia nini?"

Nilikuwa kituo cha tramu na mifuko yangu ya vitunguu. Nikaacha tramu yangu ipite. Alikuwa na kila sababu ya kukataa.

Hata hivyo aliahidi kumtafuta mwalimu wake wa zamani, bingwa wa magonjwa ya akili Dar es Salaam. Wiki zikapita. Nilimpigia daktari hadi nikaona aibu. Katikati ya kusubiri huko, shemeji aliniambia amehamishia sumu ya wadudu, ile ya kunyunyizia mboga, nyumbani kwa jirani. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza.

Hatimaye bingwa akakubali kumwandikia daktari maelekezo, hatua kwa hatua. Siku ya dripu ya kwanza mtandao ulikatika mlimani, nikakosa habari. Nilipika nikaunguza, nikafua nguo safi. Simu ilipolia, mchana ulikuwa unaisha.

"Ameuliza kama mvua imeacha," shemeji alisema.

"Na nini tena?"

"Hayo tu."

Tukalia wote wawili.

Walirudia mara kadhaa, wakimpima presha muda wote. Dada akaanza kukaa kitako, akaomba parachichi. Jumapili moja alinitazama kwenye simu akasema, "Umenenepa," nikacheka hadi mume wangu akaja kuchungulia.

Kisha daktari akahamishiwa wilaya nyingine. Aliyekuja baada yake alikataa kuendelea, na sababu zake zilikuwa zilezile za mwenzake. Taratibu dada akaanza kuzama tena. Shemeji alitaka kumpeleka Dar. Dada akasema hana nguvu ya safari.

Nikasafiri mimi. Nilimwosha, nikamsuka nywele, nikamsimulia habari za baridi na majirani. Siku nyingine alijibu, siku nyingine hakugeuka. Asubuhi ya kuondoka nilimwambia naenda.

"Haya," akasema.

Nikangoja aongeze neno. Dereva akapiga honi, shemeji akachukua begi langu, nami nikatoka bila kujua kama nilipaswa kubaki.