Mizani Inayoruka Ishirini

Mimi ni karani wa mizani ya malori, na kabla hujaniuliza, ndiyo, nilishajipima humo humo yanamopimwa malori. Cheka umalize, ndipo tuendelee.

Ilikuwa hivi. Muuguzi wa kliniki alinipandisha kwenye kimizani chake, kikaandika herufi moja kisha kikazima. Akakigonga, akabadilisha betri, akanipandisha tena. Kikazima. "Mama, hiki mwisho wake kilo mia na hamsini," akasema huku akitazama viatu vyake. "Huna mahali pengine pa kupimia?" Nikamwambia mahali ninapo. Kesho yake wakati wa kupokezana zamu nikamwachia mwenzangu kiti, nikaenda kusimama katikati ya bamba la chuma peke yangu. Naye, mjinga yule, akanisomea kwa kipaza sauti kana kwamba nimebeba saruji: "Mia na sitini." Madereva wawili walikuwa wanakunywa chai kando ya uzio. Tangu siku hiyo jina langu ni Mama Tani.

Sasa elewa jambo moja kuhusu mizani ile, maana lilinikosesha raha mwaka mzima. Haihesabu kilo mojamoja, inaruka ishirini ishirini. Lori la tani thelathini lina haja gani na kilo saba? Ikisema mia na sitini, unaweza kuwa na mia hamsini na moja au mia sitini na tisa, yenyewe haijali. Mizani ya hospitali kubwa ndiyo iliyonipa hesabu kamili: mia sitini na tatu.

Watu walidhani nataka kuvaa gauni la kubana. Nani ana shida na gauni? Shida yangu ilikuwa usingizi. Nikilala nakoroma, halafu nakata. Kimya. Pumzi haiingii wala haitoki, mpaka mtu anisukume. Baba wa mtoto alihama chumba kwa ajili ya kelele, baadaye akahama na nyumba. Aliyebaki ni binti yangu. Tangu ana miaka kumi na minne amelala ubavuni mwangu, na nikinyamaza ananipiga kisigino cha muundi na kusema, "Vuta, Mama." Navuta. Asubuhi mimi nina maumivu ya mguu, yeye ana macho mekundu.

Miaka sita hiyo. Halafu akapata nafasi katika chuo cha upimaji ardhi, safari ya siku nzima kwa basi. Akaahirisha mwaka mmoja, akaniambia chuo chenyewe hana haja nacho tena. Mtoto huyu hajui kudanganya, akidanganya anajikuna sikio. Siku moja natafuta kitambaa kwenye droo yake nikakuta barua: nafasi yake itashikiliwa hadi muhula wa mwakani, asiporipoti itapewa mwingine. Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Mtoto amegeuzwa kengele ya kuamshia mtu mzima. Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa daktari wa upasuaji.

Daktari alikuwa mtu mkavu, maneno yake kwa kipimo. Kwanza alinipa mashine ya kupumulia usiku, yenye barakoa na bomba. Nzuri, ila umeme wa mtaa wetu huondoka bila kuaga, kwa hiyo kisigino hakikupumzika. Kisha akanichorea tumbo kwenye karatasi. "Hili ni mfuko. Nitaondoa sehemu kubwa, lililobaki litakuwa kama ndizi."

"Mbivu au mbichi?"

Hakucheka. "Njaa ya tumboni itapungua," akasema. "Ya kichwani siwezi kuikata, hiyo utaondoka nayo. Na kabla sijakugusa, punguza kilo kumi. Ini lako limejaa mafuta, limelala juu ya tumbo. Likibaki hivyo sioni ninachokata, nitaahirisha."

Kuahirisha! Muhula haukuwa unanisubiri. Nikahesabu kwa vidole: nikichelewa kupasuliwa, sitakuwa nimepona mtoto akiitwa, na nafasi itakwenda kwa mwingine.

Miezi miwili ile sikutulia. Niliacha soda, niliacha vitafunio vya zamu, nilizunguka uzio wa kituo mpaka mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Kila tukipokezana napanda kwenye bamba. Mia na sitini. Wiki ya pili, mia na sitini. Wiki ya nne, mia na sitini. Nikapandwa na hasira, nikaandika ripoti kwamba mizani ni mbovu. Fundi akaja na mawe yake ya kupimia, akayapanga, akayapangua, jua linamchoma, kisha akanijia anajipangusa. "Mizani haina kosa, Mama Tani. Anayepimwa ndiye mwenye haraka." Alikuwa ameshaambiwa, mshenzi.

Wiki mbili za mwisho zilikuwa za vimiminika tu: supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta, maji. Siku tatu za kwanza kichwa kiliniuma, nikamgombeza kila mtu. Nilimrudisha dereva kwa sababu ya taa ya nyuma, kazi ambayo si yangu hata kidogo.

Siku ya kulazwa mizani ya hospitali ilisema mia hamsini na mbili na nusu. Daktari akatikisa kichwa kuashiria ndiyo. Binti yangu akatoa karatasi yenye maswali, la kwanza akaliuliza bila kupepesa: "Anaweza kufa?"

"Anaweza," daktari akajibu. "Ni wachache, lakini wapo. Damu inaweza kutoka, mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda miguuni. Ndiyo maana leo leo nitamwamsha atembee. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu yanayozidi, mnarudi hapa. Hamsubiri kukuche." Binti yangu akayaandika yote chini ya maswali yake.

Nilizinduka mdomo mkavu, matundu matano tumboni, na bega linauma. Bega! Nikadhani wamekosea mahali. Muuguzi akasema ni hewa waliyonijazia ili waone ndani, itatoka nikitembea. Nikatembezwa ukumbini, mkono mmoja kwenye nguzo ya dripu, mwingine kwa binti. Kisha nikapewa maji kwenye kikombe kile cha dawa ya kikohozi, nikaambiwa niyamalize kwa robo saa. Mimi niliyekuwa namaliza chupa ya lita kwa mkupuo nilikaa na maji ya kijiko kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Nyumbani wiki mbili za kunywa, mbili za vilivyosagwa, kisha laini, kisha cha kutafuna. Nyama au yai kwanza, mengine baadaye, na hakuna kunywa wakati wa kula. Vidonge vya vitamini kila siku mpaka kaburini. Mara ya kwanza kuonja nyama nilisahau kwamba tumbo ni jipya, nikatafuna mara tatu nikameza. Ikakwama kifuani. Nilipiga magoti mbele ya beseni nusu saa, mate yananitiririka, binti amenishika mgongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilishaambiwa mara ishirini.

Lakini kilichonishinda si maumivu, ni mikono. Wenzangu wakila, sijui niiweke wapi. Sina njaa na bado nataka. Nilifagia palipofagiwa, nikapanga vikombe kwa ukubwa, nikavipangua. Mwezi wa kwanza baada ya kupasuliwa kilo zilimwagika, halafu wiki tatu zikagoma, mizani yangu ikaganda mia na arobaini. Mwezi wa nne nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, daktari akasema zitarudi. Siku moja nililia kwa ajili ya mkate. Mkate mtupu, hata siagi haukuwa nayo.

Na watu nao. Lugha yetu haina pongezi ya kukonda. Ulipokuwa huwezi kupanda ngazi walisema umenawiri. Sasa umepungua, wanakuja na pole. Dada yangu mkubwa alifunga mlango, akanishika mkono. "Mdogo wangu, mficha uchi hazai. Ni ugonjwa gani?"

"Nimepasuliwa tumbo, dada. Nilikwambia."

"Hilo la kuambia watu. Mimi niambie la kweli." Akaondoka amenuna, na mtaani nikawa nimeshazikwa mara mbili.

Mwezi wa saba nililazwa hospitali usiku mmoja na nyaya kichwani, wapime usingizi. Daktari akasoma karatasi akasema pumzi inakatika mara chache sana, mashine naweza kuiacha. Nilitoka pale natembea kama mwizi aliyeachiwa. Binti yangu hakuamini. "Nyaya zao hazikujui," akasema, na usiku akalala palepale. Sikupigwa kisigino, lakini nilimsikia yuko macho, anasubiri.

Zilipobaki siku nane za kuripoti chuoni, begi lake lilikuwa bado juu ya kabati. Nikalibeba godoro lake mimi mwenyewe, nikalitupa chumba cha pili. Miezi kumi nyuma nisingeweza hata kulikunja. Akasimama mlangoni.

"Nani atakusukuma?"

"Sisukumwi tena."

"Na ukinyamaza?"

"Nikinyamaza nitakuwa nimelala, kama watu." Akaanza kulia, nami nikamkaripia, maana ningemkumbatia nisingemwachia. "Nilikatwa tumbo ili uondoke. Usinifanye nilikatwa bure." Ukweli wenyewe nitausema hapa: nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Siku ya safari nilijipangia zamu ya asubuhi. Mabasi nayo hupimwa kwetu, lazima yapite. Saa tatu likaingia lake, nikamwona kiti cha nyuma kabisa, paji la uso kwenye kioo. Nikasoma. Ekseli ya magurudumu ya mbele salama. Ekseli ya nyuma imezidi kilo arobaini.

Konda akaja dirishani anacheka. "Mama Tani, wewe umepungua, na sheria nayo ipungue."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Ningekibonyeza, basi lingevutwa pembeni, lishushe mizigo, labda mpaka jioni. Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kuripoti. Hakuna ambaye angenilaumu, sheria ingekuwa upande wangu, na mtoto angelala nyumbani. Nilikaa na kidole hapo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Njia nyingine iko kwenye kanuni zilezile: uzito wa nyuma ukihamia mbele, basi linapita. Nikavuta kipaza sauti. "Abiria wa viti vya nyuma, songeni mbele."

Wakasimama wanaume wawili, wakasogea kiti kimoja tu. Yeye hakusimama. Alikuwa ananitazama mimi kupitia kile kioo. Namba haijatosha.

"Wewe wa dirishani," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote za kituo. "Songa mbele, mama."

Akanyanyuka. Nikamfuata kwa macho dirisha hadi dirisha mpaka akafika kwa dereva. Ekseli ya nyuma ikaruka chini, ishirini, ikaruka tena. Nikabonyeza kijani.

Usiku huo nililala. Kesho yake alfajiri simu ikaita, hata salamu hakunipa. "Umeamka?"

"Ningepokeaje, nimekufa? Nimelala mpaka nimechoka kulala. Wewe je?"

"Wananihamisha chumba, Mama. Mwenzangu amelalamika. Anasema nilikuwa napiga ukuta kisigino usiku kucha."