Tiki za Mama Fundi

Mwaka wa tisa huu nakaa mapokezi ya kliniki ya mazoezi ya viungo, na jambo moja nimelijua: wagonjwa ni waongo. Daktari wetu humpa kila mmoja karatasi yenye visanduku vya wiki nzima. Ukifanya zoezi nyumbani, unatia tiki. Siku ya miadi wanaingia, wanasalimia, kisha wanaegemea meza yangu. "Dada, niazime kalamu kidogo." Wiki nzima inajazwa wakisubiri kuitwa. Mwalimu mmoja aliyeumia goti alitia tiki hata ya kesho yake. Daktari hagombi. Husema tu njia ya mwongo ni fupi, akalikunja goti, na goti likasema kweli.

Mama Fundi alikuwa tofauti. Ndiye mama mzazi wa daktari, mshonaji aliyemsomesha binti yake kwa cherehani moja, mpaka kiharusi kilipoufunga mkono wake wa kulia. Vidole vilijikunja kiganjani vikagoma. Karatasi yake ilikuja na tiki za penseli, za wino mwekundu, nyingine za chaki ya kukatia vitambaa, zote zimepinda kwa kuandikwa na mkono wa kushoto. Nilimpenda kwa hilo.

Kila Ijumaa binti yake aliweka rula kati ya ncha za vidole na kiganja. Nyuma ya pazia nilisikia, "Leo tatu na nusu, mama." Baadaye, "Nne. Tunaenda vizuri." Kisha kadi inaletwa kwangu niiweke kabatini, na kwenye kadi imeandikwa sentimita mbili. Mbili, mbili, mbili, tangu mwezi wa pili. Nilikasirika. Nikanyamaza, maana kadi za watu si gazeti.

Ijumaa iliyopita daktari alichelewa, tukabaki wawili, mimi na mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nisomee kadi yangu."

Nikaitoa kabatini. "Imeandikwa nne na nusu, mama."

Alinitazama kama ninayemrudishia nguo aliyoishona vizuri. Akatoa mkobani utepe wake wa kupimia, akaubana ncha kwa meno, akajipima mwenyewe.

"Mbili," akasema. "Nimepima watu miaka arobaini, leo mimi nidanganywe kipimo?"

"Mbona humwambii?"

"Nikimwambia kwamba najua, ataona hana tena la kunifanyia. Mtoto wangu ni huyo mmoja. Atalala vipi?" Akauweka ule mkono mapajani. "Cherehani nimeshaigawa. Mazoezi nimeyaacha tangu mwezi wa nne."

"Na tiki za rangi zote zile?"

"Mimi ni fundi, mwanangu. Nikidanganya, nadanganya kwa ustadi. Ila leo nimesahau. Niazime kalamu."

Nikampa. Alikuwa kwenye kisanduku cha saba daktari alipoingia akihema, akaomba radhi, akamshika mama yake kiwiko wakaingia ndani.

"Tano leo, mama," nikasikia.

Mama Fundi akacheka, kicheko cha furaha kabisa, cha mtu aliyeamini. Binti naye akacheka. Machozi yalinitoka na sikuyazuia.

Mgonjwa aliyefuata akaegemea meza, akaniomba kalamu. Nikamwambia sina.