Kipa Asiyetajika

Enzi za Mwingereza nilikuwa winga wa timu ya stesheni pale Itigi, na nilikuwa hatari. Sijisifu, waulizeni mabeki wa Kilimatinde, kama wapo walio hai. Ila goti lilishaanza kunisumbua, nikawa nawaza kutundika daluga nile kwa mdomo. Basi mtu wa redio aliposhuka kwenye treni akitafuta watangazaji wa mpira, nilimwambia anayemtafuta ndiye mimi. Akanipa kipaza sauti nitangaze mechi ya Jumapili, apime sauti yangu.

Nilianza vizuri mno. Halafu kipa wa Kilimatinde akadaka, na mdomo ukanikauka. Kipa huyo na baba mkwe wangu walikuwa na jina moja, na kwetu jina la mkwe halitamkwi. Tena mkwe mwenyewe alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia magotini, ananitazama.

"Amedaka... yule wa golini," nikasema.

Na siku hiyo mjinga yule alidaka kila kitu!

"Kwani hulijui jina lake?" mtu wa redio akaniuliza.

"Nalijua kuliko langu, bwana. Ndiyo shida."

Akapanda treni bila mimi. Mkwe, kwa kufurahia adabu yangu, akanizawadia beberu. Nikarudi uwanjani na goti langu bovu, na tulipokutana tena na Kilimatinde, kipa yule akadaka mikwaju yangu yote. Nilimtukana kila tusi nililolijua.

Jina lake sikulitaja.