Timu Yenye Gari na Daktari Marehemu

Mwezi wa tatu mwaka jana, Daktari Feijóo alitembelewa mara mbili na watu wa kampuni ya dawa. Alipokea sampuli, akaahidi kuwaandikia wagonjwa wake ile dawa mpya ya presha.

Hayo yaliandikwa kabisa kwenye orodha ya kampuni.

Tatizo ni moja tu. Daktari Feijóo alizikwa miaka miwili kabla. Najua, kwa sababu koti jeupe alilozikwa nalo nililipiga pasi mimi.

Naitwa Narcisa. Niliishia darasa la sita, mnivumilie. Hapa mjini kwetu Machala nafua na kupiga pasi makoti ya madaktari. Naandika kwa ajili ya kina mama wenzangu.

Binti yangu Jomaira aliangukiwa na zali. Kampuni mbili za dawa zilimtaka wiki moja, zote kwenye timu ya mauzo. Kazi ni ileile: kuwazungukia madaktari na mkoba wa sampuli, uwashawishi waandike dawa za kwenu.

Timu ya kwanza ilitoa gari, hata wakalileta nyumbani tulione. Timu ya pili, nauli ya basi na viatu vyako mwenyewe.

Mimi sikuwa na la kufikiria. Mwezi mmoja kabla, vijana wa pikipiki walimpora Jomaira simu kituo cha basi, bastola mbavuni. Tangu hapo kila jioni nilikaa dirishani mpaka aingie.

"Mama, timu ya pili ndiyo inaheshimika," akaniambia tukinywa kahawa. "Madaktari wenyewe wanaisifia."

"Heshima inazuia risasi?"

"Hebu, mama!"

Kila timu ilimpa orodha ya madaktari ambao angewatembelea, pamoja na ziara zilizokwisha kufanywa, aipitie kabla ya kuamua. Alipoingia kuoga, nikaifungua ya timu yenye gari. Nasoma polepole, kidole kwenye mstari. Ndipo nikamkuta yule marehemu wa koti jeupe, katembelewa juzijuzi, buheri wa afya.

Nikaifunga. Nikauchuna.

Nikajisemea ni makosa ya karani. Na lile gari milango yake ilikuwa inajifunga yenyewe.

"Chukua yenye gari," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. "Haya, mama."

Akasaini.

Wiki ya kwanza akamuuliza msimamizi wake, Villao, habari za yule daktari. Bwana akacheka.

"Mrembo, huyo ndiye daktari wetu bora. Hajawahi kutuweka foleni. Wewe mtie alama tu, lengo la mwezi litimie."

Akamtia alama. Mara mbili kila mwezi.

Mwezi wa saba akaja mkubwa wa kampuni kutoka makao makuu Guayaquil, suti na manukato. Alitaka kumshukuru ana kwa ana daktari anayeipenda kampuni kuliko wote.

Siku hiyo Villao akaumwa tumbo.

Jomaira akamwendesha mkubwa hadi makaburini, akaegesha.

"Kliniki iko wapi?"

"Safu ya nne, mkuu. Hatutangoja."

Mkubwa akasoma jina kwenye marumaru. Akasoma tarehe. Akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena. Kisha akaomba funguo za gari.

Mwanangu akarudi kwa basi, kafukuzwa. Villao yupo kazini hadi leo, maana alama za zamani hazikuwa na jina la mtu, na zote za karibuni zilikuwa na la Jomaira.

Akaenda kubisha hodi kwa timu ya pili. Wakamkaribisha kiti, wakampa na maji.

"Dada, Machala ni ndogo," wakamwambia. "Madaktari wameshasikia."

Jumapili iliyofuata nilikuwa napiga pasi, yeye anaponda ndizi za kifungua kinywa. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, nisamehe. Jina lile nililiona kabla hujasaini."

Hakuinua macho. "Hata mimi, mama. Nilipiga simu kliniki kwake siku ileile."

"Sasa ulisaini kwa nini?"

"Ulikuwa hulali. Ulishakonda. Siku walipolileta lile gari tulione, ndiyo siku ya kwanza ulimaliza sahani."

Nikaizima pasi. Nguo za watu zikangoja.

Siku hizi anauza dukani kwa shangazi yake, mtaa wa pili. Hapandi basi, hapandi gari. Mimi nalala fofofo. Yeye namsikia akigeukageuka.

Mama mwenzangu, mtoto akikuuliza achague kazi ipi, mwambie kwanza unachokijua, ndipo umwambie unachokiogopa. Mimi nilimwambia hicho cha pili tu.