Amplifaya Ndogo Kuliko ya Makena

Gitaa la besi lisilounganishwa na amplifaya hulia kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Unaona uzi ukitetemeka, unausikia kwenye ncha za vidole, lakini sauti yenyewe haivuki meza. Huo ndio mlio nilioishi nao mwaka niliotimiza miaka kumi na minne, nyumbani kwetu Manyatta, msimu ambao harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha ilipanda kutoka kiwandani ikaingia hadi jikoni. Mpigaji besi wa kanisa letu alikuwa ameenda chuo, na mwalimu wa kwaya, baada ya kukagua viganja vya vijana wote, akanikabidhi mimi gitaa kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa virefu. Spika za kanisa zilifungiwa stoo Jumapili hadi Jumapili. Basi nyumbani nikajifunza kuegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati la nguo. Mbao zilipokea mtetemo, kabati zima likanguruma kidogo, na Mama akasema sweta zake zimeokoka, zinaimba. Mimi nilijiona mpigaji hodari.

Likizo ya Agosti tukaenda Meru kumtembelea Tata, kama tulivyomwita shangazi, dada yake Baba. Mimi na bintiye Makena tulikuwa rika moja, naye pia alikuwa ameanza kupiga besi kanisani kwao. Katika kona ya sebule yao ilisimama amplifaya nyeusi iliyonifika kiunoni, ikinuka gundi na mpira mpya. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa miraa kule Maua, na kwao kitu kikihitajika kilinunuliwa. Makena aliwasha, akagusa uzi mara moja, na vikombe vya Tata vikatetemeka kabatini. Niliusikia mlio ule tumboni kabla haujafika masikioni. Wivu ukanipanda kifuani kama kiungulia. Laiti angekuwa na maringo ningepata pa kushika, lakini alinivulia mkanda wa gitaa palepale, akasema, "Shika, Wawira, piga." Nikasema vidole vinaniuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimevaa sweta yangu, kinakula chapati za Tata na kutabasamu.

Tuliporudi nyumbani nilikuwa na wimbo mmoja tu: hata mimi ningepiga vile kama ningekuwa na mashine kama ile. Niliuimba nikichuma kahawa, nikiosha vyombo, nikikata majani ya ng'ombe. Baba, mtu wa maneno machache, aliendelea na kazi yake. Lakini mwaka ule kahawa ililipa kuliko tulivyozoea, na Desemba, baada ya karo kutengwa kando, aliniambia tukiwa zizini, "Jitayarishe. Tunaenda Meru kutafuta hiyo mashine yako. Ila iwe ya uwezo wetu." Nikaruka kwa furaha. Kisha akaongeza, "Makena atatusaidia kuchagua," na furaha ikaingia mchanga.

Duka lilikuwa nyuma ya soko, ghorofa ya kwanza, chumba chembamba kilichojaa vinanda, ngoma na nyaya zilizoning'inia kama utumbo buchani. Mwenye duka alitutolea amplifaya mbili ambazo Baba angeweza kuzilipia. Moja ilikuwa kubwa, yenye kitambaa cha fedha mbele, taa nyekundu na vitufe vingi vya kuzungusha. Ilikuwa ndefu kuliko ya Makena. Ya pili ilikuwa kisanduku kizito cha rangi ya makaa, hakijanifika magotini, kina vitufe vinne na tundu la hedifoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile kubwa ilikuwa imeshajiuza kwangu kabla haijachomekwa kwenye umeme. Nilianza kuona uso wa Makena siku atakapoiona sebuleni kwetu.

"Mzee, hii ndiyo vijana wanapenda," mwenye duka alimwambia Baba, akiipigapiga ile kubwa begani.

Makena alichukua besi ya dukani, akaichomeka humo, akapiga uzi ule mnene kuliko zote. Spika ikakoroma, ikakwaruza kama mabati kwenye upepo. Akapunguza sauti, akajaribu tena, ikakwaruza vilevile.

"Usichukue hii," akaniambia. "Hii ni ya gitaa la kawaida. Besi itaipasua spika kabla ya Pasaka. Chukua hiyo ndogo, imetengenezewa besi."

"Wewe yako ni kubwa," nikasema.

"Yangu ni kubwa, lakini ni ya besi. Ya besi ya ukubwa ule hapa hamtaiweza bei."

Alisema kweli, na kwa upole, mbele ya baba yangu. Sikuwahi kumchukia kama dakika ile. Niliamini anataka nibaki chini yake. Baba akasema, "Hebu nisikie hiyo ndogo." Akapiga magoti sakafuni na suruali yake ya kanisani, akaweka sikio karibu na spika. Makena akapiga. Mlio ukatoka mfupi, mnene, safi, kila noti na mahali pake. "Tena," Baba akasema. "Sasa taratibu." Akafumba macho.

Makena alimtazama kwa muda. "Mjomba husikiliza hivi kila wakati?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Yangu ililetwa na dereva wa pikapu akirudi kutoka Nairobi. Baba yangu hajui hata inawashwa wapi."

Nilisikia majivuno: wao wana dereva wa kuwaletea vitu. Miaka mingi ilipita kabla sijayasikia maneno yale vizuri.

Baba alinunua ile ndogo. Nilinuna hadi Manyatta. Jioni iliyofuata nikaiweka juu ya stuli, nikachomeka waya, nikapiga wimbo niliouita wangu, ule uliokuwa ukiwafurahisha watu wa nyumbani. Ndipo nilipojisikia kwa mara ya kwanza. Kabati lilikuwa limenificha. Noti zangu zilichelewa, nyingine zilikufa nusu, na kidole cha mwisho kilikuwa kikigusa uzi jirani kila nilipohama. Amplifaya ile haikuwa na huruma. Nikasimamisha wimbo, nikaketi nikiitazama. Miezi yote ile nilidai Makena ananizidi mashine. Sasa nilikuwa na mashine, na Makena bado alinizidi, tena kwa mbali. Wivu uliokuwa na kisingizio ulibaki uchi. Nililia, kisha nikaanza upya, polepole, na Baba akaleta kiti chake mlangoni. Hakujua muziki, lakini kosa alilijua. "Hapo," alikuwa akisema. "Rudia hapo."

Siku hizi kijana wa Manyatta huchagua amplifaya kwa simu akiwa amelala kitandani. Hutazama video za watu wa nchi za mbali wakizilinganisha, akalipa, na boda boda akamletea hadi mlangoni. Wengi huvaa hedifoni, nyumba nzima isijue kama wamekosea au wamepatia. Siwalaumu, vitu vimekuwa bora, na mtu huokoa safari. Mimi ni mwalimu mjini Embu, napiga besi kanisani na kwenye harusi, na nina amplifaya ambayo Wawira wa enzi zile angeisujudia. Makena anafanya kazi ofisini Meru, ana watoto watatu, na hajamiliki gitaa kwa miaka mingi.

Krismasi iliyopita alikuja kwangu. Baada ya kula aliichukua besi, akaikaza nyuzi kwa sikio tu, akapiga ubeti mmoja wa wimbo wa zamani wa tenzi. Kiungulia kikapanda palepale kifuani, kana kwamba hakuna mwaka uliopita. Amplifaya yake niliifikia kwa kuweka akiba. Mkono wake wa kushoto hauuzwi katika duka lolote.

Nikasogeza kiti. "Dadangu, nionyeshe hapo vidole vinapohamia."

Akacheka, akanionyesha taratibu, kisha akarudia. Wivu haukuondoka. Nilijifunza ukiwa umenikalia kifuani.