Nduma za Buluu za Wamboi

Wamboi wa bondeni Ruiru hana subira na wajinga, na Mungu kamjalia jirani wa kumtosha. Yeye hulima nduma kando ya kijito. Juu yake Muigai ana kibanda cha kupaka rangi jinzi za mitumba, zilizochakaa zirudi sokoni zikijidai mpya. Maji ya rangi huyaachilia mferejini, na mfereji huteremka moja kwa moja hadi kwenye nduma za Wamboi.

Nzisa, mwenye hoteli Githurai 45, ndiye alikuwa mnunuzi wake wa miaka yote. Siku aliyomenya nduma akakuta ubuluu umeingia hadi ndani, alirudisha gunia zima.

"Mami, wateja watasema nawapikia wino. Ukileta zingine kama hizi, tumeachana."

Wamboi hakuwa na soko lingine. Akapanda kwa Muigai kulalamika. "Kwani rangi imeua nani?" Muigai akamjibu. Mtu mzima mwenye ndevu, na hayo ndiyo maneno yake!

Kwenye mkutano wa wakulima, afisa wa kilimo alikuwa amewaeleza kwamba maganda ya kahawa hunasa rangi majini. Basi Wamboi akayabeba mwenyewe kutoka kinu cha kahawa, akayajaza kwenye pipa, akaelekeza maji ya Muigai yapite humo. Yakatoka ya kahawia kama chai. Muigai alicheka hadi akashika mbavu. Wamboi alikuwa amesahau kuyaosha maganda kwanza, na kosa hilo lilimuuma, hasa kwa kuwa lilimfurahisha mpumbavu. Akayaosha, akayaanika, akajaza upya. Maji yakateremka safi, na Nzisa akarudi kununua.

Hapo Muigai akawa bingwa. Kanisani alisimama kumshukuru Mungu kwa wazo alilomjalia, akapigiwa makofi, pasta akamwombea. Wamboi aliketi nyuma akitazama jinsi kile kisogo kinavyonenepa kwa sifa. Alikuwa amemwomba Muigai jambo moja tu: maganda yakishajaa rangi, ayafukie shimoni, mbali na maji. Bingwa akaona kuchimba shimo kutamshushia hadhi. Akayamwaga ukingoni mwa kijito, ati azibe matope asichafue viatu. Mvua za masika zikayakamua rangi yote. Nduma zikawa buluu tena, na safari hii Nzisa hakupokea hata simu.

Asubuhi ya sherehe ya mahari ya Tabby, bintiye Muigai, bingwa aliteremka bondeni mbio kwa Wamboi, na suti yake. Alikuwa amezunguka soko lote akakosa nduma, na wakwe wa Kikuyu hawakaribishwi kwa chai na mkate mtupu.

"Mama Githae, niokoe! Wageni wako njiani."

Wamboi alikuwa na sufuria jikoni. Akamenya nduma moja, buluu hadi ndani, akamwekea mkononi.

"Ngai! Hii siwezi kuwekea wageni," Muigai alisema. "Wataniona mtu wa aina gani?"

"Na sisi ndio tunakula hizo, Baba Tabby. Asubuhi na jioni, tangu Nzisa aniache."

Muigai akairudisha nduma sufuriani polepole, asijue pa kufutia vidole. Wamboi akaichukua ileile, akaila yote mbele yake, bila haraka.